Sukari Iliponishuka Kutus

Mwezi wa Julai Endarasha huwa baridi mpaka chaki nayo inaganda mkononi. Ukungu hukaa juu ya mashamba ya viazi hadi saa nne za asubuhi, na sisi walimu huingia darasani tukiwa na koti juu ya sweta na sweta juu ya sweta nyingine. Ndiyo maana asubuhi niliyofungua madirisha ya ofisi ya walimu na kuanza kujipepea kwa kitabu cha Fasihi, kila mtu aliinua kichwa.

"Mwalimu, unataka kutuua?" akauliza mwalimu wa Historia, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, ambaye meza yake ilipakana na yangu.

"Nasikia joto."

Aliliangalia jasho lililokuwa likinitiririka usoni, akatabasamu kama mtu aliyepata mwenzake. "Karibu kwa klabu," akasema. "Hiyo ni umri. Mimi pia ilinianza hivyo, nikifungua madirisha na watu wakilalamika. Utazoea."

Nikamwamini. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Jasho lilinitoka bila sababu, mikono ikatetemeka, moyo ukadunda kama niliyepanda mlima mbio, na nikila andazi moja naona afadhali. Kwamba kukatika kwa hedhi hakutibiwi kwa mandazi ni jambo ambalo halikunijia kabisa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa Kimilili, kule magharibi, nikapangiwa kazi huku milimani nikiwa bado msichana, nikaolewa na mkulima wa viazi wa hapa Kieni, na sasa nimekaa huku miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Gikuyu nakielewa vizuri ingawa nikikiongea watu hucheka. Kibukusu, lugha ya mama yangu, sina wa kuongea naye, kwa hiyo nilidhani kimelala.

Nilikuwa pia mtu mzito. Sisemi mnene kidogo, nasema mzito. Viti vya plastiki vya harusini nilikuwa nikivipima kwa macho kabla sijavikalia. Magoti yaliniuma, presha ilipanda, na usingizini pumzi ilikatika mpaka mume wangu akawa halali, ananisikiliza. Mwishowe daktari alipendekeza operesheni, nami nikaikubali. Tulienda Nairobi. Tumbo langu likakatwa likabaki kifuko kidogo, kama yai hivi, na utumbo ukaunganishwa nacho moja kwa moja ili chakula kiruke sehemu kubwa ya njia yake ya zamani.

Nisidanganye, niliifurahia. Mwaka wa kwanza nilipungua mpaka wanafunzi waliorudi kutoka likizo wakadhani wameletewa mwalimu mpya. Fundi wangu wa nguo pale Chaka aliipunguza sare yangu ya kanisa mara nyingi, mpaka siku moja akauweka mkasi chini na kuniambia, "Mwalimu, hapa sasa nashona mshono juu ya mshono. Nunua kitambaa." Nilipanda kilima cha shule bila kusimama katikati. Mume wangu akaanza kukoroma yeye, kwa vile sasa alikuwa na nafasi ya kulala.

Asiyefurahi alikuwa mama mkwe wangu. Sote pale nyumbani humwita Maitu, yaani mama, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu, hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Kwake yeye, mke wa mwana akikonda ni ukoo mzima unaosemwa.

"Watu watasema hapa tunanyima watu chakula," aliniambia.

"Maitu, nimekonda kwa daktari."

"Daktari haishi hapa. Mimi ndio naishi hapa."

Basi akawa ananiletea chai. Chai yake ni ya maziwa mengi na sukari nyingi zaidi, na haiji peke yake, huja na mandazi yaliyofunikwa kitambaa. Miezi ya kwanza sikuweza. Kitu kitamu kikiingia tu, tumbo lilivurugika papo hapo na nikakimbilia chooni. Lakini mwili ukazoea. Mwaka wa pili nikawa naweza kunywa kikombe na kula andazi bila shida yoyote, nami nikaona hiyo ni dalili ya kupona. Maitu naye akaona ni dalili ya ushindi.

Shida ilikuja baadaye, na kwa kuwa ilikuja baadaye sikuihusisha na chai. Nilikunywa chai saa nne wakati wa mapumziko, jasho likaja karibu saa sita. Nilikuwa darasani. Siku moja niliandika sentensi ubaoni kuhusu ngeli za nomino, nikageuka, nikakuta wasichana arobaini wameduwaa. Niliangalia ubao. Nilikuwa nimeandika neno "kiti" mara tano, moja chini ya jingine, kwa mwandiko uliokuwa ukishuka upande kama ndizi. Nikawaambia kwa sauti ya ukali wanakili. Wakanakili, maskini. Kisha nikaenda ofisini, nikala andazi lililobaki, na dunia ikatulia. Saa mbili baadaye ikaanza tena.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi kadhaa, nikijitibu kwa kitu kilichokuwa kikiniangusha, hadi siku ya Kutus.

Mpwa wa mume wangu, kijana wa dada yake, alikuwa amepata mchumba wa Kutus, kule Kirinyaga, na siku ya ruracio ikapangwa. Ruracio ndiyo siku ya wakwe kukutana na kuzungumzia mahari. Mama ya binti alikuwa Mkamba, kwa hiyo ilikubaliwa kwamba maneno ya akina mama yasemwe kwa Kiswahili ili asiachwe nje. Mara macho yote ya ukoo yakanigeukia.

"Tuko na mwalimu wa Kiswahili mzima," Maitu akasema. "Sisi hatutaongea kama watu wa sokoni."

Nilijitayarisha wiki nzima. Nilitunga salamu, nikatunga shukrani, nikatunga maneno mazuri ya kumsifu mama aliyemlea binti. Nilihutubia kioo, nikahutubia kuku. Mume wangu alisema nikimaliza yeye mwenyewe atataka kuolewa Kutus.

Asubuhi hiyo tuliteremka na pikapu yetu kutoka Chaka, tukapita Karatina, na kadiri tulivyoshuka ndivyo sweta zilivyovuliwa. Kutus ni kwa watu wa joto. Tulipofika tukafungiwa lango kama desturi, tukaimba hadi tukafunguliwa, tukaketishwa chini ya hema yenye mistari ya buluu na nyeupe, na chakula kikaja kabla ya maneno.

Mwea, kunakolimwa mpunga, ndiyo hiyo jirani, na wali wao ulinukia kabla hata sufuria hazijafunuliwa. Nilijua sahani yangu ni ndogo, kwa hiyo nilichagua. Nikaweka wali. Nikaweka kipande cha chapati. Nyama niliiruka, kwa kuwa nyama hunichukua muda mrefu kutafuna na nilitaka kubakiza nafasi. Nafasi hiyo niliijaza kwa juisi ya maembe, tamu mpaka meno yanashtuka, na juu yake kipande cha keki, kwa heshima ya wenyeji.

Kisha wazee wakaanza mazungumzo yao, na wazee hawana haraka. Zamu ya akina mama ilipofika, jua lilikuwa limeshavuka hema. Nilikuwa nimeanza kulowa jasho mgongoni, lakini kila mtu Kutus alikuwa akitoka jasho. Nikasimama.

Nilianza vizuri. Hilo hata wapinzani wangu wanakubali. Niliwasalimu wazee, nikamsalimu mama ya binti kwa jina la mwanawe wa kwanza, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo nakumbuka vipande. Nakumbuka mistari ya hema ikianza kutembea. Nakumbuka mdomo wa Maitu ukifunguka na kubaki wazi. Nakumbuka hasa nikijiona mtu mwenye akili nyingi, anayesema mambo mazito, na nikishangaa kwa nini hawa watu hawatikisi vichwa.

Mengine niliambiwa, na wote waliokuwepo wameniambia kwa nyakati tofauti, kwa hiyo nayajua kuliko kama ningeyaona.

Nilikuwa naongea Kibukusu. Si neno moja lililoteleza. Nilikuwa nimehamia huko mzima mzima, nikiongea kwa sauti ya juu na kunyoosha kidole.

"Ati anasema nini?" akauliza nyanya ya bibi harusi, aliyekuwa kiti cha mbele.

"Hiyo si Kikamba," akajibu mama ya binti haraka, asije akalaumiwa.

Baba ya binti, mtu mpole mwenye kofia, aligeuka nyuma akatafuta kwa macho. Jirani yao mmoja alikuwa afisa wa polisi, mtu wa Webuye aliyehamishiwa Kirinyaga, na alikuwa amealikwa kula kama watu wengine. "Afande," baba ya binti akasema, "hii ni lugha ya kwenu, sivyo? Mama anasema nini?"

Afande akasimama, akakohoa. "Anasema wamefurahi sana kupokewa."

"Kwa hayo maneno yote?"

"Kwetu salamu ni ndefu."

Mume wangu hakungoja tafsiri zaidi. Alikuja akanishika kiwiko. Nilimtazama juu hadi chini na kumwambia, kwa Kiswahili safi, "Niache, kijana. Sikujui."

Hapo minong'ono ikaanza. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti isiyotosha kuwa siri kwamba huyu mama amekunywa.

Maitu aliinuka. Yeye ni mtu mfupi, lakini siku hiyo wanasema aliijaza hema. "Nani amekunywa?" akauliza. "Huyu? Mwenyekiti wa akina mama kanisani? Hata pombe ya muratina haijui harufu yake! Aliyesema asimame."

Hakusimama aliyesema. Alisimama mama mwingine, shangazi wa bibi harusi, dada ya yule baba mwenye kofia, mwanamke mwenye mwili na sauti nzito. Alipita katikati ya viti akija upande wangu huku akifungua mkoba wake.

"Huyo si mlevi," akasema. "Angalieni jasho. Angalieni mikono. Hiyo ni sukari imeshuka. Mimi niko na kisukari miaka mingi, hiyo kitu naijua kama mlango wa nyumba yangu."

"Lakini yeye hana kisukari," mume wangu akasema.

"Basi tumpime tuone kama mashine inadanganya."

Walinikalisha. Alitoa kimashine chake cha kupimia, akaweka sindano mpya, akanidunga kidole, tone la damu likaingia. Mume wangu anasema alisoma namba ile akiwa juu ya bega la shangazi: mbili nukta tano. Haikumwambia kitu, lakini uso wa shangazi ulimwambia.

"Leteni soda. Ya sukari, ya kawaida. Haraka." Kisha akaniinamia. "Mama, meza mate. Meza nione." Nikameza. "Sawa, anameza. Angekuwa hamezi nisingemwekea kitu mdomoni, tungekimbia hospitali. Nusu kikombe. Nimesema nusu! Usimpe chupa yote."

Kurudi kwangu kulikuwa kwa sauti kwanza. Nilisikia kuku. Nikasikia mtu akivua kiatu karibu nami. Kisha nikaona uso wa mume wangu, nikajua ni wake, na nikaona alikuwa amekunja midomo kama mtoto anayejizuia kulia. Nikahisi baridi kali, nguo zimelowa. Halafu nikaona hema nzima inanitazama na nikatamani ile akili iondoke tena.

"Tungoje robo saa, tupime tena," shangazi akasema, na akaangalia saa yake kweli kweli. Ilipopanda ikapita nne, akaagiza niletewe nyama na maharagwe. "Kidogo kidogo. Hiyo soda imekuinua, lakini haina miguu. Hii ndiyo itakushikilia usianguke tena."

Nilitafuna. Wazee walingoja, na nadhani haikuwahi kutokea Kirinyaga kwamba ruracio isimame ili mtu amalize maharagwe. Nilipomaliza nikauliza kama naweza kusema yale niliyotumwa. Nyanya ya bibi harusi akanishika mkono. "Sema, lakini ukiwa umekaa," akaniambia. Nikahutubia nimekaa, kwa ufupi sana. Yale mapambo niliyotunga wiki nzima yote yalikuwa yametoweka. Nilisema tumempenda binti yenu na tutamtunza. Mama ya binti akalia, na mpaka leo sijui kama ni kwa maneno au kwa hofu.

Jioni tukielekea kwenye gari, yule afande alinifuata.

"Mulembe, dada," akanisalimu, salamu ya kwetu.

"Mulembe. Asante kwa kunitetea. Sasa niambie ukweli, nilisema nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Ulikuwa unaita watoto waanue mahindi uani. Ati mvua inakuja."

"Peke yake?"

"Na kuna mtu ulimkemea kwa kuacha ndama bila kufungwa. Ulimwita mvivu."

"Nilimwita nani?"

"Ulikuwa unamwangalia baba ya bibi harusi."

Nilicheka mpaka tukafika Kerugoya. Kupita Kagumo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimetambua maneno yale. Yalikuwa ya mama yangu, ambaye sasa hayupo, na kila msimu wa mavuno aliyasema hivyo hivyo, mahindi kwanza, ndama baadaye. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa miaka.

Mume wangu alipunguza mwendo kwenye kona. Kisha akasema, "Uliniambia hunijui."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," akasema, na akaongeza mwendo.

Shangazi alikuwa ameniagiza nisikae nyumbani na jambo hilo. "Rudi kwa waliokukata," alisema. Tukarudi Nairobi. Daktari alisikiliza hadithi yote, akauliza nilikula nini kwanza na jasho lilianza lini, na akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Akanipima mambo mengine pia, ili asije akakisia. Mwishowe akatueleza kwamba hali hii huwapata baadhi ya watu waliofanyiwa operesheni kama yangu, na mara nyingi haiji mwanzoni. Huja mwaka ukipita, au zaidi, mtu anapodhani ameshamaliza. Chakula chenye sukari au wanga mweupe hakikai tumboni siku hizi, huteremka kwenye utumbo mbio. Sukari huingia kwenye damu kwa kishindo. Mwili hushtuka, humwaga insulini kupita kiasi, na insulini hiyo huifagia sukari mpaka chini ya inapotakiwa kuwa. Hapo imepita saa moja, mbili, hata tatu tangu ule, na wewe unalaumu umri.

Mume wangu alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti. "Ngoja nielewe," akasema. "Sukari ndiyo inafanya sukari ishuke?"

"Ndiyo."

"Na ikishuka tunampa sukari?"

"Kidogo, ndiyo. Halafu chakula cha kumshikilia."

Akamtazama daktari kama anavyomtazama dalali wa viazi pale Chaka.

Mtaalamu wa lishe, msichana mchangamfu mwenye umri wa mwanangu wa kwanza, ndiye aliyekaa nami kupanga maisha. Alinitaka nianze kila mlo na kile nilichokuwa nikiruka: yai, nyama, samaki, maharagwe. Wanga uje mwisho, kidogo, na usiwe mweupe ukiweza. Nile mara nyingi, vijisahani, nisikae na njaa muda mrefu. Nisinywe huku nakula, nisubiri nusu saa, maana maji husukuma chakula kishuke haraka zaidi. Juisi na soda ziwe dawa ya dharura tu, si kinywaji. Na githeri? Nilimuuliza kwa woga. "Githeri kula," akasema, "lakini chota maharagwe, mahindi waachie wengine." Daktari aliongeza kuwa vipo vidonge iwapo chakula peke yake kitashindwa, na kwamba nisiguse usukani nikihisi hata dalili moja, wala nisiendeshe hadi nipime na nione imetulia. Nikapewa mashine yangu mwenyewe.

Sehemu ngumu ilikuwa ng'ambo ya ua. Maitu alitusikiliza mpaka mwisho, kitambaa cha mandazi mikononi.

"Kwa hivyo ni chai yangu," akasema. "Mimi ndio nimekuwa nikikuangusha."

"Hapana, Maitu. Sikujua, na wewe hukujua."

"Nilikuwa nataka unone kidogo tu."

Nilimshika bega. Hakuwa analia, yeye si mtu wa kulia, lakini alikikunja kile kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Kesho yake asubuhi alibisha mlango na mayai matatu ya kuchemsha na chupa ya chai isiyo na chembe ya sukari. Akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo chai ya boma lote itakuwa hivyo. Mume wangu aliinywa kwa adabu, na nikamwona akipitia jikoni kwangu akiwa na kijiko mfukoni.

Kazi iliyobaki ilikuwa kujifunza kuitambua ikiwa bado mbali. Shangazi wa Kutus, ambaye sasa tunaongea kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa, alinifundisha kwamba kila mtu ana kengele yake. Ya kwake ni midomo kufa ganzi. Mimi nilichunguza nikagundua kwamba kabla ya jasho na kabla ya kutetemeka, huja hasira. Hasira ya ghafla, juu ya kitu kidogo sana, kama kifuniko cha sufuria.

Nilifanya kosa la kumwambia mume wangu. Tangu siku hiyo nikimkemea kuhusu viatu vyenye matope sebuleni, hanijibu. Anasema tu, "Pima kwanza." Nikapima mara ya kwanza nikakuta tatu nukta moja, akawa shujaa. Mara ya pili nilimkemea, akasema "pima kwanza," nikapima nikamwonyesha: tano nukta sita.

"Sukari iko sawa," nikamwambia. "Kwa hivyo ni wewe."

Akaenda kutoa viatu.

Shuleni nilimweleza mwalimu wa Historia, akasikitika kunipoteza kwenye klabu yake. Aliweka pakiti ya glukosi kwenye droo yake pia, kwa ajili yangu, na viranja wa darasa wanajua kwamba mwalimu akianza kurudia neno moja ubaoni wasinakili, wamwite.

Mwezi uliopita, siku ya soko, nilikuwa Chaka pamoja na Maitu. Nilikuwa nimetoka kwa fundi, ambaye alichelewa, na mlo wangu wa saa nne ukageuka kipande cha mkate mweupe nilichokula nimesimama nikimngoja. Tulifika kwa muuza kabichi. Akaniambia bei ya kawaida kabisa, bei ya kila mtu, na nikamgeukia kwa maneno makali kuhusu wizi, serikali, na malezi yake.

Nikajisikia. Nilisimama katikati ya sentensi.

"Maitu," nikasema, "hii si mimi."

"Keti," akasema, na akamwamuru muuza kabichi asogeze gunia la viazi. Nikakaa juu ya gunia, nikatoa mashine, nikadunga kidole mbele ya soko zima. Tatu kamili. Nikatafuna vidonge vya glukosi vinne. Muuza kabichi, ambaye nilikuwa nimemtukana sasa hivi, aliniletea ndizi.

Maitu akamzuia kwa mkono. "Ngoja. Robo saa. Tunapima tena, ndio anakula." Alisimama mbele yangu kama askari wa benki, na kila aliyekuja kuuliza kama mama amezimia alijibiwa kwamba mama hajazimia, mama anangoja.

Ilipanda. Nikala karanga na kikombe cha maziwa lala. Nikamwomba muuza kabichi msamaha, akasema hata mke wake huongea hivyo na yeye hana mashine ya kusingizia.

Pikapu siku hiyo nilikuwa nimeiendesha mimi, na nilikuwa nimeahidi kwamba siwashi gari mpaka sukari itulie kabisa. Kwa hiyo tulikaa Chaka karibu saa nzima zaidi. Mimi nilikaa juu ya gunia, nikasahihisha insha mbili. Maitu, aliyejikuta na muda na soko zima mbele yake, alizunguka akibishana bei za vitu ambavyo hatukuvihitaji. Tulirudi nyumbani na kabichi sita, sufuria yenye mkono mmoja, na jogoo mwekundu aliyeimba njia nzima hadi langoni.